Farasi Aliyelishwa Nadhiri

Siku aliyokufa yule farasi, uani kwa shemegi yangu tulikuwa watu saba, na nianze nao ili asije mtu akasema namsingizia. Alikuwapo shemegi mwenyewe, mume wa marehemu dada yangu, Mwarabu wa asili ya Omani aliyezaliwa papa hapa kwetu, njia ya kwendea Moa, na Kiarabu chake ni cha kusalia tu. Alikuwapo mwanawe wa kiume, ambaye mie namwita mwanangu kwa kuwa katoka tumboni mwa dada yangu. Alikuwapo mkewe huyo kijana, mkazamwana wetu, mzaliwa wa Muheza. Alikuwapo mtunza farasi, Mdigo, mtu mzima mwenye wajukuu. Alikuwapo mwalimu wa chuo, aliyesoma Kurani pamoja na shemegi tangu udogoni. Alikuwapo daktari wa mifugo, mwanamke, katokea mjini. Na mie. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao ninayo, lakini wengi wako hai, na mambo yenyewe si ya kumsomea mtu kwa jina lake. Hata farasi alikuwa na jina. Nalo nimeliacha.

Farasi huku kwetu si mnyama wa kuzoeleka. Punda tunao, ng'ombe wako. Farasi mtu anamwona kwenye picha. Lakini baba yake shemegi alikuwa nao zamani, na shemegi alikua na tamaa hiyo moyoni mpaka uzeeni, akampata mmoja jike kutoka Arusha, kwa mtu aliyekuwa anafunga shamba lake. Akaja na lori, kakonda, rangi ya tende mbivu, miguu ya nyuma myeupe. Dada yangu alimcheka mumewe. Alimwambia, "Wenzio wakizeeka wanaongeza mke, weye umeongeza mdomo wa kula majani." Shemegi akajibu kwamba huyu angalau hatamwuliza katoka wapi.

Haukupita muda, shemegi akapooza. Upande wa kulia wote ukafa, mguu na mkono, mdomo ukaenda kando. Hospitali wakamrudisha wakisema afanyishwe mazoezi, naye mazoezi hakuyataka. Mtu aliyekuwa akipanda farasi na kupita sokoni watu wakamtazama, leo anashikwa kwapani kupelekwa chooni. Akawa analala anatazama ukuta. Dada yangu alilia mpaka akachoka kulia.

Sasa siku moja wakamtoa nje kwenye kiti, na farasi akamjia. Akaweka kichwa begani kwake. Shemegi akashika zile singa za shingoni kwa mkono wake mzima, na yule mnyama akainua kichwa polepole, na mtu akainuka naye. Nilikuwapo, niliona. Akasimama kasita, farasi naye kasita. Kisha farasi akapiga hatua, na shemegi akaburura mguu wake akamfuata. Kuanzia hapo ikawa kila asubuhi anaegemea shingo ile wanakwenda mpaka langoni na kurudi, na mnyama hakumharakisha hata siku moja. Mazoezi aliyoyakataa kwa watu aliyakubali kwa farasi. Mpaka akawa anatembea na bakora, mkono ukaanza kushika, na mdomo ukarudi mahali pake.

Kumbe dada yangu alikuwa ameweka nadhiri. Mume wake akiinuka, farasi huyu atamlisha ngano kila Ijumaa, na yeye akifa, watakaobaki nyuma wamlishe. Akaitimiza. Ijumaa, watu wakirudi msikitini, alichemsha ngano nzima ikaiva ikapasuka, akatia sukari guru kidogo, akaipoza, akampelekea kwenye bakuli la udongo, konzi mbili au tatu hivi. Farasi alikuwa akiramba bakuli mpaka linang'aa. Jioni yake alikuwa mzito, anatazama ubavu wake kama aliyeitwa na mtu, na sisi tukisema kashiba, mwacheni.

Dada yangu akafa. Uvimbe wa tumbo, haukumkawiza. Alipokuwa anakata roho alimwambia mumewe neno moja, kwamba Ijumaa isipite. Shemegi akaahidi mbele yetu.

Hapa ndipo mambo yalipokua bila mtu kuyakuza. Mkazamwana akaichukua ile kazi kwa mapenzi, kwa kuwa mkwewe alimpenda kama mwana wa kumzaa. Konzi mbili aliziona haba, za uchoyo, na ni sadaka ya marehemu. Akachemsha sufuria. Kisha habari ikatoka nje ya ua. Watu walimjua shemegi alivyokuwa, na wakamwona anatembea, na wakasikia nadhiri ya mkewe. Wakaanza kuja wanawake wenye waume wagonjwa. Mmoja mumewe kapooza vilevile, mwingine mumewe ana sukari wamemkata vidole, mwingine wa presha. Kila mmoja na ngano yake kwenye kibakuli, kaipika kwao, na sukari guru yake. Anamlisha farasi kwa mkono, ananuia moyoni, anamshika singa, anakwenda zake. Mie nilikuwa nakuja Alhamisi kutoka Chumbageni, nalala kwa watoto, narudi Jumamosi, na kila nikija nawakuta wameongezeka. Mwalimu wa chuo hakupenda. Alisema mnyama haombwi. Wakamjibu kwamba hawamwombi, wanamlisha tu. Na kulisha mnyama ni thawabu, nani atakataza?

Farasi akaanza kuugua. Jumamosi inamkuta kalala chini anagaagaa, jasho linamtoka kama kamwagiwa maji, anajipiga tumbo kwa mguu wa nyuma. Jumapili anainuka. Jumatatu anakula majani kama si yeye. Mtunza farasi akabadilisha mahali pa kukatia majani, akidhani kuna jani baya. Haikusaidia. Wakasema ni jicho la watu, maana farasi kawa anasemwa sana. Likaandikwa kombe, aya kwenye sahani kwa zafarani, likasuuzwa kwa maji ya waridi, wakamnywesha kwa chupa. Siku hizo za kombe akawa hajambo, kwa kuwa zilikuwa Jumanne na Jumatano.

Ukaingia Ramadhani. Mchana hakuna anayewasha jiko, na ngano ya mwezi huo mkazamwana alikuwa akiitia kwenye bokoboko la futari linalopelekwa msikitini, akanuia kwa niaba ya marehemu. Wanawake nao wamefunga, hawaji. Farasi mwezi mzima akapona. Akawa anang'aa, anakwenda na shemegi mpaka langoni na kupita lango. Tulifurahi sana, na kila mtu alijua sababu: Ramadhani mashetani hufungwa. Basi aliyekuwa akimtesa ni shetani, na kafungwa. Ukiwaza hivyo, yote yanakaa sawa. Sitta, zile funga sita za baada ya Idi, ilipokwisha tukarudi kwenye Ijumaa zetu, na farasi akarudi chini. Ikawa ushahidi kwamba shetani kafunguliwa.

Mwanangu ndiye aliyekataa. Alisema shetani asiyefanya kazi Jumatatu hamjui, akaenda mjini akamleta daktari wa mifugo. Yule daktari alikuja na bodaboda, kapakata begi lake kifuani. Akatuamkia shikamoo sote, akamshika farasi midomo, akasikiliza tumbo, akanusa kinyesi. Akauliza anakula nini. Tukamwambia. Majani mabichi, majani makavu, pumba kidogo akitoka kumtembeza mzee, chumvi. Akauliza tena kama hapati kitu kingine chochote, wali, mkate, maganda ya matunda. Tukasema wallahi hapati. Na hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Pale tulikuwa watu watano wazima, na hakuna aliyekumbuka ngano, kwa kuwa ameuliza chakula. Akatoa dawa ya tumbo, akasema atarudi.

Akarudi Ijumaa, si kwa makusudi, ndiyo siku aliyopata nafasi. Akawakuta wanawake wamejipanga bandani na vibakuli vyao. Alisimama akatazama mpaka wa mwisho kalisha. Kisha akamgeukia mkazamwana.

"Dada, si nilikuuliza anakula nini?"

"Hicho si chakula, daktari," mkazamwana akamwambia. "Hiyo ni sadaka."

Yule daktari hakucheka wala hakugomba. Akaomba kibakuli, akaonja ile ngano kwa kidole, akaitema. Akatuita sote chini ya kipenu cha jiko akatueleza. Kwamba kuna farasi anakula ngano na haimfanyi kitu, na kuna ambaye tumbo lake halipatani nayo hata kidogo, na huyu ni wa pili. Na hata yule wa kwanza huwezi kumpa sufuria. Kwamba ngano na sukari vikioza tumboni mwa farasi sumu yake huingia kwenye damu, ikateremka miguuni. Kwato zinawaka moto kwa ndani, zinataka kuvimba na hazina pa kuvimbia, kwa kuwa kwato ni ngumu kama pembe. Akamwinua mguu, akatushikisha mmoja mmoja. Ulikuwa wa moto kama birika.

Mie nilielewa upesi, kwa sababu mie na kamba hatupatani. Wenzangu wanakula kamba wa nazi wanalamba vidole, mie nikila mmoja uso unavimba na koo linafunga. Nikawaambia, ndivyo alivyo huyu. Mtunza farasi akaniambia, "Lakini weye bibi, hakuna anayekulisha kamba kwa niaba ya maiti." Tukacheka. Ndiyo mara ya mwisho nakumbuka tumecheka kwa ajili ya farasi yule.

Shemegi hakucheka. Alisema nadhiri si yake, hawezi kuivunja. Akaitwa mwalimu wa chuo. Mwalimu akamwambia nadhiri ya kumdhuru kiumbe haitekelezwi, inatolewa kafara, na kafara yake ni kulisha masikini kumi. Akamfungulia na kitabu. Shemegi akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. Akauliza, "Na miguu yangu?"

Mwalimu hakumwelewa. Mie nilimwelewa. Dada yangu aliiweka ile nadhiri kwa ajili ya miguu hiyo. Mtu amepewa kitu kwa sharti, na sasa anaambiwa sharti aliache na kitu abaki nacho. Mwalimu akasema aliyempa miguu ni Mungu, si ngano. Shemegi akasema naam. Lakini alisema naam kama mtu anayejibu mlango uliogongwa na yeye yuko ndani analia.

Masikini wakalishwa. Mkazamwana akasimama langoni akawarudisha wanawake na vibakuli vyao, na baadhi yao walimtukana. Mmoja alimwambia kapona wako, unatuzibia sisi. Farasi akaanza kupata nafuu. Kwato zikapoa. Alikuwa bado anatembea kama anayekanyaga chaza, lakini alitembea, na asubuhi shemegi alikuwa naye tena.

Ila shemegi ndiye aliyeanza kuteleza. Mara ya kwanza alianguka kwenye kizingiti cha bafu. Mara ya pili alianguka uani, mahali pakavu, bila sababu, na bakora mkononi. Mwanangu alitaka kumpeleka hospitali, baba yake akakataa. Alikuwa akikaa na kuutazama mguu wake wa kulia kama mtu anayemtazama mpangaji anayefungasha vitu vyake.

Ikafika siku ya hitima ya dada yangu, mwaka wake. Ua ulijaa. Masufuria ya bokoboko yamebandikwa tangu alfajiri, wanaume ukumbini wanasoma, sisi wanawake nyuma tunakoroga na kupakua. Kwenye sufuria moja mkazamwana alikuwa ameitenga ngano tupu, haijatiwa nyama bado. Shemegi akaomba bakuli. Tulidhani anataka kuonja. Nani amnyime mwenye hitima?

Akaondoka nalo, mkono mmoja bakuli, mwingine anashika ukuta, bakora kaiacha. Mtunza farasi alimwona anaingia bandani. Baadaye aliniambia alijua anakwenda kufanya nini, lakini mzee yule ni tajiri wake, mnyama ni wake, na maiti ni mkewe. Akageuza uso.

Kama ingekuwa bakuli lile moja, pengine farasi angegaagaa na kuinuka. Lakini wanawake wa hitima walimwona. Na miongoni mwao walikuwamo wale waliorudishwa langoni. Wakaona mwenyewe kalisha kwa mkono wake, basi katazo limeondoka. Walikwenda mmoja mmoja, kwa adabu, hawakupiga kelele. Kila mmoja kachota chake katika sufuria ile ya ngano tupu. Yule wa mume aliyekatwa vidole alikwenda mara mbili. Tulipokuja kushtuka, sufuria ile imefika chini, na farasi anaramba mkono wa mwanamke nisiyemjua hata leo, na ni yeye peke yake siku ile ambaye jina lake sina.

Tumbo lilimwuma na likapita. Kwato hazikupita. Mwanangu na mtunza farasi walimpeleka mkono wa bahari akasimame kwenye tope la mikoko, maji ya chumvi yampoze, na kwenda kwenyewe kulichukua asubuhi nzima, naye anaegemea nyuma ili asiikanyagie miguu ya mbele. Daktari alikuja, akachoma sindano, akarudi tena, akafunga kwato kwa vitambaa na maboksi. Siku moja farasi akalala na hakuinuka. Ubavu ukaanza kuchubuka, nzi wakaja. Mkazamwana alikuwa akikaa naye anawapunga nzi kwa upepeo wa jikoni, hata kula hali. Daktari akapapasa kwato la mguu wa kushoto, akatuonyesha chini yake. Mfupa ulikuwa umeshuka, unataka kutokea kwenye wayo. Akasema hakuna dawa ya hilo, na kila saa tunayomwacha ni ya kwetu, si ya kwake.

Ndiyo siku tuliyokuwa saba. Shemegi akaletwa. Alitaka kumshika singa kama alivyozoea, lakini farasi kichwa kilikuwa chini, na yeye kuinama hawezi. Mwanangu akataka kuleta kiti. Akakataa kiti. Akasema wamshushe chini, wakamshusha mchangani, akakiweka kile kichwa juu ya mapaja yake. Farasi alimfahamu. Masikio yaligeuka. Mwalimu akasema bismillahi kwa sauti ndogo, na daktari akachoma sindano shingoni, kisha ya pili. Ilikuwa upesi. Pumzi moja ndefu, iliyopuliza mchanga, ikaisha.

Wakachimba shimo kubwa nyuma ya minazi. Kabla ya hapo walikwenda kumwinua shemegi, na hakuinuka. Walijaribu wawili, kisha wanne. Mguu wa kulia ulikuwa umekufa tena, na safari hii na wa kushoto haukutaka kusikia. Daktari wa watu alisema ni damu tena kichwani, kuanguka kule kwa mwanzo kulikuwa ni dalili, angepelekwa mapema pengine. Sijui. Mie si daktari.

Sasa yuko kitandani. Wanamgeuza ili asichubuke. Maneno yanatoka kwa shida lakini yanatoka, na mie nikienda ndiye anayemsemesha, kwa kuwa nafanana sauti na dada yangu. Mwezi uliopita alinishika mkono, akaniambia, "Shemegi, mie nilijua itamdhuru."

Nikamwambia apumzike.

"Nilidhani itamdhuru kidogo," akasema. "Kidogo tu, na mie nisimame."

Kumwambia Mungu atamsamehe ni kazi ya mwalimu, na kumwambia dada yangu asingetaka hivyo nisingeweza, maana dada yangu namjua, na hivyo ndivyo angefanya. Nikamfuta mate, nikamgeuza upande wa dirishani. Akauliza kama leo ni Ijumaa. Ilikuwa Ijumaa. Nikamwambia ni Jumamosi.

Mliokuwapo, na mliokuja siku ile ya hitima, kama mtasomewa haya mkaona nimeteleza, njooni Chumbageni mnisahihishe. Nimesema mfupa ulishuka kwato la kushoto. Mtunza farasi anashikilia lilikuwa la kulia. Nimesema bakuli la kwanza ni la shemegi, na wako wanaosema kuna mwanamke alitangulia. Kama ni kweli alitangulia, nataka sana kujua, na shemegi angetaka kujua zaidi yangu, kabla hajafunga macho.